Hsp70, RNA ya ribosomu, mitokondria au jenomu nzima: uchague ipi kutafuta chimbuko la wanyama?

Nilikuwa Kihesa, Iringa, nasubiri chipsi mayai, ujumbe ukaingia kutoka Mbeya. "Shikamoo mjomba. Msimamizi amekubali mada yangu, ila Jumatatu anataka nimwambie natumia molekuli gani." Ni mtoto wa dada yangu, yuko mwaka wa tatu. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza mada yenyewe. Akaandika: kutafuta chimbuko la wanyama wa mwanzo kwa kutumia protini zinazolinda seli wakati wa shida. Halafu akaongeza kwamba wenzake wanamchanganya. Mmoja anamwambia protini hizo zimepitwa na wakati, atumie RNA ya ribosomu. Mwingine anasema siku hizi bila jenomu nzima hakuna atakayekusikiliza.

Muuza chipsi akamimina mayai kikaangoni, ute ukageuka mweupe. Nikajua pa kuanzia.

Ute wa yai, ukitoa maji, karibu wote ni protini. Protini ni mnyororo uliokunjwa kwa umbo maalumu. Ukiupasha moto unafumuka, unashikamana ovyo na minyororo mingine, na yai halirudi kuwa bichi. Ndani ya seli hai hatari hiyo huanza mapema sana, joto likipanda nyuzi chache tu juu ya lile kiumbe alilozoea. Ndiyo maana seli zina protini ambazo mimi naziita wapambe. Mpambe wa harusi haolewi yeye. Kazi yake ni kushika shela lisiburuzike na kumweka bibi harusi sawa mpaka shughuli iishe. Protini hizi huzishika nyingine zisifumuke, huzisaidia kujikunja upya, kisha huziachia.

Ziligunduliwa kwa bahati. Ferruccio Ritossa, Mwitaliano, alikuwa akichunguza kromosomu za nzi wadogo wa matunda, na mtu akapandisha joto la kabati walimokuwa wamehifadhiwa. Alipotazama kwa hadubini akaona sehemu za kromosomu zimevimba, dalili kwamba jeni fulani zimewashwa ghafla. Akachapisha matokeo mwaka 1962. Protini zenyewe zilitambuliwa mwaka 1974, zikaitwa za mshtuko wa joto, ingawa baadaye ilionekana kwamba baridi, madini yenye sumu na ukosefu wa oksijeni navyo huziamsha. Maarufu kuliko zote ni Hsp70. Hiyo 70 ni uzito wake, kilodaltoni 70 hivi. Mpunga wa Usangu unayo, viazi vya Njombe vinayo, wewe unayo, na bakteria wa tumboni mwako wanayo.

Kwa sababu karibu kila kiumbe anayo, unaweza kuilinganisha kati ya viumbe na kuuliza nani ndugu wa nani. Molekuli nyingine tatu zinadai kuweza kazi hiyo hiyo: RNA ya ribosomu (ribosomu ni mashine ya seli ya kutengeneza protini), jeni za mitokondria (vinu vya nishati vya seli), na jenomu nzima (DNA yote ya kiumbe).

Vipimo kwanza

Cha kwanza ni mwendo. Wanyama wa mwanzo wanakadiriwa kuwa waliishi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Jeni inayobadilika haraka, kwa umri huo, ni ubao wa darasa uliofutwa na kuandikwa juu mara nyingi hadi maandishi ya kwanza hayapo. Inayobadilika polepole kupita kiasi nayo haikuandika kitu.

Cha pili nakiita "Sanga yupi". Nenda Makete useme unamtafuta Sanga. Utaulizwa Sanga yupi, maana jina ni moja na nyumba ni nyingi. Jeni nazo hujirudufu. Kiumbe mmoja anaweza kuwa na nakala kadhaa zenye jina moja, kila nakala na historia yake. Ukichukua nakala ya tawi hili kwa sifongo (mnyama sahili wa majini) na ya tawi lile kwa samaki, mti utakaochora ni wa jeni kujirudufu. Undugu wa sifongo na samaki haumo humo.

Cha tatu ni wingi wa ushahidi, yaani molekuli ina herufi ngapi zinazosema kitu. Cha nne ni mfuko na vifaa: maabara, kompyuta, muda, na umeme.

Kuna pia mtego unaozipata molekuli zote nne. Chukua kijana wa Tukuyu na kijana wa Ludewa, kila mmoja kakaa Dar miaka ishirini. Wakirudi, lafudhi na mavazi yao yanafanana kuliko wanavyofanana na ndugu zao waliobaki nyumbani. Mgeni atadhani ni ndugu. Viumbe waliobadilika haraka hufananishwa na hesabu za mti kwa namna hiyo hiyo, kwa bahati tu. Joseph Felsenstein alionyesha kihesabu mwaka 1978 kwamba baadhi ya mbinu zikikutana na hali hii, kuongeza data kunazidisha uhakika wa jibu lisilo sahihi. Uwe na hili kichwani kila sehemu inayofuata.

Hsp70

*Mwendo.* Polepole sana, na hapa ndipo sifa yake ilipo. Hsp70 ya binadamu na ile ya bakteria *E. coli* zinalingana takribani nusu ya asidi amino zao (vipande vinavyounda mnyororo wa protini, kila kimoja huandikwa kwa herufi moja), baada ya umri wote uliopita kati yao. Mpambe anayehudumia protini za kila aina hana nafasi ya kubadilika ovyo. Tena hapa unalinganisha asidi amino za aina 20, kwa hiyo mbili kufanana kwa bahati ni kugumu zaidi kuliko kwenye DNA yenye herufi nne. Kuzipanga sambamba ni raha. Sehemu kubwa unaweza kuipanga kwa macho.

*Sanga yupi.* Hapa ndipo panapouma. Mnyama ana Hsp70 ya kwenye majimaji ya seli, nyingine ya kwenye retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ndani ya seli), nyingine ya mitokondria. Ya mitokondria inafanana zaidi na za bakteria kuliko na dada zake wa seli hiyo hiyo, kwa sababu mitokondria wenyewe walitokana na bakteria walioingia na kubaki. Juu ya hayo, ile ya kwenye majimaji ya seli ina nakala zinazofanya kazi kila siku na nakala zinazowashwa wakati wa shida tu. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza wiki mbili nikishangilia mti ulioweka mnyama mmoja nje kabisa ya ukoo wa wanyama. Nilikuwa nimepakua ya mitokondria yake bila kujua.

Kinga ipo, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: tazama mkia. Ya kwenye majimaji ya seli huishia na herufi EEVD. Ya retikulamu huishia na KDEL au kitu kinachokaribiana nayo. Ya mitokondria haina mikia hiyo. Kama mfuatano ulioupata GenBank, hifadhidata ya wazi ya jeni, ni kipande kisicho na mkia, kuwa na shaka nao.

*Wingi wa ushahidi.* Asidi amino kama 640, na nyingi kati ya hizo hazijabadilika kabisa, kwa hiyo hazisemi kitu. Kwa maswali makubwa zimetosha. Mwaka 1998 Carole Borchiellini na wenzake wa Marseille waliweka sifongo kwenye mti wa Hsp70, wanyama wote wakakaa kwenye shina moja, fangasi wakiwa jirani. Mwaka 2001 Snell, Furlong na Holland waliongeza koanoflajelati, vijidudu vya seli moja vyenye kola na mkia mmoja, vinavyofanana ajabu na seli za ndani ya sifongo. Hsp70 iliwaweka karibu kabisa na wanyama, na jenomu zilizokuja baadaye zimelithibitisha hilo. Lakini ukiiuliza nani alitangulia kujitenga, sifongo au tenofora (wanyama laini wa baharini wanaofanana na konyeza), inakosa sauti. Matawi hayo yaliachana kwa muda mfupi mno kwa protini moja kubaki na alama.

*Mfuko na vifaa.* Mifuatano mingi iko wazi kwenye hifadhidata, na programu kama MEGA inafanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Ukitaka kusoma mwenyewe kutoka kwa mnyama, nakala zinazowashwa na joto mara nyingi hazina introni (vipande vya jeni vinavyokatwa kabla protini haijatengenezwa), kwa hiyo unaweza kuzinasa kwa PCR, mbinu ya kuzidisha kipande cha DNA, moja kwa moja kutoka kwenye DNA. Hili lenyewe lina sababu nzuri: joto kali huvuruga mashine ya kukata introni, na jeni ya dharura haiwezi kusubiri mashine ipone. Tahadhari moja: sifongo hujaa bakteria, na praima pana (praima ni kipande kifupi cha DNA kinachoielekeza PCR pa kuanzia) itakuletea Hsp70 ya wageni badala ya mwenyeji.

*Inamfaa* mwenye swali la undugu wa makundi makubwa, asiye na bajeti ya maabara, lakini mwenye subira ya kukagua nakala moja moja. Inamfaa pia anayetaka tasnifu yake iguse kazi ya protini yenyewe, jambo ambalo molekuli nyingine hapa hazimpi kwa urahisi. Kwa mfano, haidra (mnyama mdogo wa majini, jamii ya konyeza) wa aina ya *Hydra oligactis* hashtuki na joto kama ndugu zake. Anashindwa kukusanya Hsp70 panapohitajika. Habari ya ukoo na ya maisha ya mnyama zinakutana ndani ya jeni moja.

Kwa wanaouliza kuhusu protini ndogo za mshtuko wa joto, jamaa za kristalini ya lenzi ya jicho: zinabadilika haraka na kwa fujo. Ziacheni kwa kazi hii.

RNA ya ribosomu, kipande cha 18S

*Mwendo.* Umechanganyika. Kuna sehemu zilizotulia na sehemu zinazokimbia ndani ya jeni moja. Hilo ni faida, na pia ni kazi: sehemu zinazokimbia hurefuka na kufupika, na ukizipanga vibaya unajitengenezea undugu usiokuwepo.

*Sanga yupi.* Hapa 18S inaishinda Hsp70 waziwazi. Nakala ni mamia kwenye seli, lakini hurekebishana zikabaki karibu sawa. Ni nadra kukutana na Sanga wa nyumba nyingine. Hatari iliyopo ni ya wageni tena: sifongo wengi wa maji baridi wana mwani wa kijani mwilini, na mwani una 18S yake.

*Wingi wa ushahidi.* Herufi kama 1,800. Historia yake ni nzuri kwa anayetaka kujifunza unyenyekevu. Mwaka 1988 Field na wenzake walichora mti wa kwanza mpana wa wanyama kwa molekuli hii, na jamii ya konyeza na haidra ikaonekana kuchipuka mbali na wanyama wengine, kana kwamba wanyama walianza mara mbili. Mwaka 1993 Wainright na wenzake, wakiwa na viumbe wengi zaidi wa mwanzo, walipata shina moja. Miaka minne baadaye Aguinaldo na wenzake waliacha minyoo duara wanaobadilika haraka, wakachukua *Trichinella* anayekwenda polepole, na ghafla minyoo duara wakahamia kukaa na wadudu katika kundi la wanaojivua ngozi. Wale vijana wa Dar, kumbe. Molekuli ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni uteuzi wa viumbe.

*Mfuko na vifaa.* Rahisi kuliko zote kwa anayeingia maabara. Wingi wa nakala unafanya hata sampuli iliyochakaa itoe kitu, na praima zimejaribiwa miaka mingi.

*Inamfaa* anayetaka viumbe wengi kwenye mti mmoja, hasa wale ambao hakuna aliyewahi kusoma kitu kingine kutoka kwao.

Jeni za mitokondria

Nitakuwa mfupi, kwa sababu kwa swali hili hasa naziona zimepotea njia, ingawa kwa maswali mengine ni bora kuliko zote.

*Mwendo.* Kwa wanyama wengi ni wa kasi. Jeni ya COI, ambayo tangu kazi ya Paul Hebert mwaka 2003 hutumika kama alama ya kutambulisha spishi, inatofautisha ndugu wa karibu vizuri, lakini kwa miaka milioni 600 ubao umefutwa. Ajabu ni kwamba kwa sifongo na matumbawe jeni hizi huenda polepole, mara nyingine polepole mno hata kutenganisha spishi jirani, na kwa tenofora zinakimbia kupita kiasi. Mwendo usiolingana hivyo ndio unaozaa ndugu wa uongo.

*Sanga yupi.* Karibu hakuna shida, nakala ni za nyumba moja. *Wingi wa ushahidi:* herufi 658 kwa kipande cha kawaida cha COI. Jenomu nzima ya mitokondria kwa wanyama wengi ni kama 16,000, ingawa tenofora *Mnemiopsis* ana kama 10,000 tu na *Trichoplax*, mnyama mdogo bapa wa baharini, ana zaidi ya 43,000. *Mfuko na vifaa:* nafuu. Angalia tu jedwali la tafsiri kwenye programu, maana mitokondria wa sifongo na konyeza hawasomwi kwa jedwali linalotumika kwa wadudu. Ukitumia la wadudu, baadhi ya asidi amino zitasomwa vibaya; ukitumia la kawaida la jeni za kiini cha seli, utaona protini zinakatika katikati na utalaumu sampuli.

*Inamfaa* anayetaka kujua sifongo wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa ni wa spishi ngapi. Hilo ni swali zuri kabisa la tasnifu. Ila si swali la chimbuko la wanyama.

Jenomu nzima, au mamia ya jeni kwa pamoja

*Mwendo.* Unachagua mwenyewe. Kati ya maelfu ya jeni unaweza kubakiza zinazokwenda polepole. Hsp70 mara nyingi imo ndani ya kapu hilo, kwa hiyo anayekuambia uchague "jenomu badala ya Hsp70" anashindanisha kapu na kitu kilichomo ndani yake.

*Sanga yupi.* Shida ile ile ikizidishwa mara mia. Programu hukusaidia kuchambua nakala, lakini haikuambii zilipochanganyikana, na jeni kumi mbovu zinaweza kujificha kati ya mia na hamsini.

*Wingi wa ushahidi.* Hakuna kinachoshindana nazo. Mwaka 2008 Casey Dunn na wenzake walitumia jeni 150 kutoka kwa viumbe 77, na tenofora wakaonekana kujitenga mapema kuliko sifongo. Wengi walishtuka: tenofora ana neva na misuli, sifongo hana. Jenomu ya *Mnemiopsis* ya mwaka 2013 ikaelekea huko huko. Mwaka 2015 Davide Pisani na wenzake wakachambua data kwa modeli nyingine za mabadiliko, sifongo wakarudi chini kabisa ya mti, yaani wao ndio waliotangulia kujitenga. Mwaka 2023 Darrin Schultz na wenzake wakaacha kuhesabu herufi, wakatazama jeni zipi zinakaa pamoja kwenye kromosomu, na tenofora wakashinda tena. Wapo wanaoendelea kubisha. Ukiniuliza mimi, hoja ya kromosomu imenivuta, kwa sababu ni ushahidi wa aina nyingine, usioingia kirahisi kwenye ule mtego wa matawi marefu.

*Mfuko na vifaa.* Data zipo wazi, lakini kompyuta inataka kumbukumbu kubwa na siku nyingi bila kuzimwa. Ukianza hesabu ya siku tano kwenye kompyuta mpakato chakavu, umeme wa msimu wa mvua utakukuta siku ya nne. Weka programu inayohifadhi hatua. IQ-TREE inaweza kuendelea ilipoishia.

*Inamfaa* mwenye msimamizi anayejua uchambuzi huo, seva ya chuo, na mwaka mzima mbele yake.

Sasa wewe uko wapi?

Kama swali lako ni "je, wanyama wote ni wa shina moja, na jirani yao ni nani?", una wiki sita, kompyuta yako na vifurushi vya intaneti, basi Hsp70 inatosha na itakufundisha mengi. Chukua viumbe ishirini hadi thelathini: sifongo wa makundi tofauti, konyeza, haidra, *Trichoplax*, wadudu, samaki, fangasi, koanoflajelati, na mmea mmoja au wawili wa kusimama nje ya ukoo kwa kulinganisha. Wote wawe na mkia wa EEVD.

Kama unataka kuingia maabara na una sampuli zako, hasa za viumbe wasiojulikana sana, anza na 18S. Ukibaki na fedha, ongeza Hsp70 ya sampuli hizo hizo, uone kama miti miwili inakubaliana. Ikitofautiana usikate tamaa. Andika sura nzima kuhusu tofauti hiyo. Wasimamizi wengi hupenda sura kama hiyo kuliko mti mmoja uliochorwa vizuri usiosema umetokaje.

Kama ulichonacho ni vielelezo vya eneo moja, mto mmoja au mwambao wa Matema, geuza swali liwe la spishi, utumie COI. Kwa sifongo na jamii ya konyeza, iunge mkono kwa jeni nyingine.

Kama unataka ugomvi wa sifongo na tenofora, usiuingie kwa jeni moja, hata iwe nzuri vipi. Tafuta data zilizokwisha kuchapishwa, zichambue upya kwa modeli mbili tofauti, ueleze kwa nini jibu linahama.

Mpwa wangu yuko kwenye kundi la kwanza, ingawa alitamani la nne. Nilimwambia kabla ya kuchora mti wowote afungue jedwali, safu moja iwe jina la kiumbe, ya pili namba ya GenBank, ya tatu herufi nne za mwisho za protini. Usiku alinitumia picha ya jedwali hilo. Kati ya mistari kumi na nane ya kwanza, mitatu ilikuwa ya KDEL, na mmoja haukuwa na mkia kabisa.